Diski Iliyotunzwa Kupita Kiasi

Nyuma ya soko la mbao kulikuwa na karakana ya mawe, na ndani yake fundi ambaye dunia nzima ilimwita Sikio. Hata mkewe alimwita hivyo, siku alizomkasirikia. Jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa masikio, ingawa nayo hayakuwa haba. Alipewa kwa namna alivyofanya kazi. Mafundi wengine wakikata jiwe hukodolea macho mstari. Yeye aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani ukutani, kisha akasema, "Hii imefika nusu," au, "Hii itameguka." Na mara nyingi ikameguka.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewakatia watu vizingiti vya madirisha, ngazi na meza za jikoni, na muda wote huo hakuwahi kununua diski ya kukatia isipokuwa zile za bei rahisi, zinazofungwa kwenye plastiki na kuning'inizwa dukani kwa mafungu. Diski ikichoka aliitunga kwenye waya uliokuwa juu ya mlango wa karakana. Waya ule ulikuwa na diski kumi na tisa, na upepo ukipita zilizungumza.

"Hapo ndipo makaburini kwangu," aliwaambia wateja. "Ukisikia zinalia, ujue zinanisema."

Asubuhi ya Jumatatu moja, gari la kubebea mchanga lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni, na juu yake, juu ya magodoro mawili, lilikuwa limelala jiwe alilolijua tangu hajajua kutembea.

Lilikuwa jiwe jeusi, refu kama mlango, unene wake vidole vinne, na vidoa vyeupe kama mtu amemwaga chumvi na kusahau kuifuta. Mama yao aliukandia unga juu yake kwa miaka thelathini na mmoja. Mikate ya jiwe lile ndiyo iliyomsomesha Sikio na kumwoza dada yake. Mahali mama aliposimama, katikati hasa, jiwe lilikuwa limeng'aa na kubonyea kidogo, kidogo sana. Ukilaza rula juu yake, ukucha unapita chini. Kila siku mikono na kile kibati cha kukwangulia unga vilipita palepale, mpaka jiwe likakubali.

Dada yake Sikio alishuka garini, akajipangusa vumbi, akasema bila salamu, maana kati yao salamu ilikuwa ya wageni, "Nyumba imeuzwa, unajua. Wiki ijayo wanabomoa. Nimelitoa jana."

"Ungeniita nije nisaidie, Dada."

"Ungelia, tungechelewa." Alilizunguka jiwe. "Jumamosi nahamia kwa binti yangu, na huko si karibu. Sijaja kukuachia, na sijaja kukunyima. Likate kati."

"Kati wapi?"

Dada aliweka kiganja penye kibonyeo. "Hapa. Nusu ya hapa niende nayo, nusu ubaki nayo. Sitaki mmoja apate jiwe na mwenzake apate mahali pa Mama."

Sikio alichuchumaa, akalitazama jiwe kwa usawa wa macho. "Dada, umechagua mahali pabaya kuliko pote. Hapa panang'aa. Ukingo ukimeguka kidogo tu, utaonekana kama jino lililong'oka."

"Ndiyo maana sijampelekea fundi mwingine."

"Na likipasuka?"

Dada yake aligonga jiwe kwa kidole. "Basi tutakuwa tumelipasua mimi na wewe," alisema, "tukae tuangaliane."

Dada alipoondoka, Sikio alitafuta kipande cha graniti nyeusi kilichobaki kwenye kazi ya zamani, akakiweka juu ya mashine, akafungulia maji na kukikata kwa diski aliyokuwa nayo. Alisikiliza. Diski ilikuwa inayumba, sauti yake inapanda na kushuka kama ya mtu anayeongea huku anatafuna. Alipozima na kutazama, ukingo ulikuwa kama biskuti iliyotembelewa na panya. Na njia ya diski ilikuwa pana: milimita nne za jiwe zimegeuka tope. Alijaribu taratibu zaidi. Panya walipungua, hawakwisha.

Mchana alikwenda dukani.

Mwenye duka la vifaa alikuwa mzee mwembamba waliyemwita Risiti, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutoka kwake bila risiti, hata aliyenunua misumari mitatu. Sikio alionyesha rafu ya juu. Kule kulikaa diski moja, haikuning'inizwa pamoja na wenzake. Ilikuwa kwenye boksi lake, imelazwa kama sahani ya wageni.

"Ile?" Risiti aliuliza. "Fundi, ile ni bei ya hizo zako kumi na moja."

"Nishushie niione. Macho hayalipi."

Ilikuwa nyembamba. Sikio alipitisha kidole kwenye tundu lake, akaigonga kwa ukucha, akaisogeza karibu na kichwa. Ililia kwa sauti moja iliyonyooka, ikaendelea kulia wakati mteja mwingine ameshaanza kuuliza bei ya kufuli. Ukingo wake ulikuwa na chembe ndogondogo zisizong'aa hata kidogo.

"Hizi ndizo almasi?"

"Ndiyo hizo."

"Mbona zinafanana na mchanga?"

"Ulitaka ziwe na pete?" Risiti alicheka peke yake. "Fundi, mimi nakuuliza wewe. Miaka minane imekaa pale juu, na kila anayeishika ananiuliza kama inastahili bei hiyo. Mimi nauza, sikati. Inunue, kisha uje uniambie."

"Nilipe mimi, nije nikufundishe wewe?"

"Nitakupa risiti."

Pesa ilikuwepo. Ilikuwa ya kubadilisha mabati mawili ya paa la karakana yaliyokuwa yakivuja. Sikio alirudi nyumbani na boksi kwapani, na mkewe, fundi cherehani ambaye yeye na mtaa mzima walimwita Mama Pacha, akasimamisha mguu wake juu ya cherehani.

"Diski moja?"

"Moja."

"Inakata na kupika?"

"Mama Pacha, ni kwa ajili ya jiwe la Mama."

Mama Pacha alirudia kukanyaga cherehani. Alimheshimu mno mama mkwe wake, na tena mvua zilikuwa mbali.

Jumanne asubuhi Sikio aliifunga diski kwenye mashine, akafungulia maji na kukiingiza kipande cha majaribio. Hapo alisikia kitu ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka ishirini na miwili. Diski ilinong'ona. Ilipita ndani ya graniti kwa mnong'ono mmoja mkavu, kama mkasi mkali kwenye kitambaa kipya, na vipande viwili vilipoachana, ukingo ulikuwa mnyoofu kama umechorwa. Alipitisha ncha ya kidole juu yake, akarudia. Njia ya diski ilikuwa milimita mbili tu.

Ndipo alipofanya kosa, na lilikuwa kosa la mtu anayependa. Akaiwekea diski masharti. Haitagusa tofali. Haitagusa zege wala kigae. Itagusa graniti nyeusi peke yake, tena kwa adabu: kila ikipita ishuke unene wa ukucha tu, jiwe lisukumwe polepole, maji yamwagike mengi. Kazi ikiisha aliifuta, akaikausha, akaifunga kwenye kipande cha flana walichovishwa mapacha walipokuwa wachanga. Mama Pacha aliiona flana, akamwona mumewe, akahesabu flana zilizobaki.

Alitaka kuijua diski kabla hajaileta karibu na jiwe la mama yake, kwa hiyo siku nzima ya Jumanne alifanya mazoezi, na asubuhi ya Jumatano vilevile. Kadiri alivyoikata graniti, sauti ya diski ilizidi kuwa laini. Alifurahi. Alidhani sasa imezoeana naye, kama farasi na mwenyewe. Ilipofika adhuhuri ilikuwa kama haisikiki kabisa.

Na ilikuwa haikati.

Alisukuma, jiwe likagoma. Akasukuma zaidi, zikatoka cheche chini ya maji, na ikapanda harufu ya kitu kilichoungua. Mstari uliokuwa umenyooka ukapinda kama mkia wa panya. Alizima mashine, akasimama akiangalia, maji yakimchuruzika kwenye viatu.

Alhamisi, Risiti alimwona mlangoni na boksi mkononi, akainua viganja vyote viwili kabla hajafika kaunta.

"Fundi, ukishavuka mlango ule, diski si yangu."

"Sijaja kugombana. Nimekuja kuuliza. Una karatasi yake ya vipimo?"

Ilikuwepo ndani ya boksi, na juu yake mchoro wa diski mpya wa ukubwa halisi. Risiti alivaa miwani. Wakailaza diski juu ya mchoro. Ilikaa sawa pande zote.

"Haijapungua," Risiti alisema.

"Hata unywele."

"Basi haijalika. Diski ikifa si huwa imekwisha?"

"Zangu za bei rahisi huisha. Hii imekufa na mwili wake mzima." Sikio alipitisha kidole ukingoni. Zile chembe zilizokuwa zikikwaruza siku ya kwanza hazikuwepo. Palikuwa laini, pameng'aa, kama kijiko. "Gusa, bosi. Almasi zimekwenda wapi?"

Risiti aligusa, akatazama kidole chake kana kwamba almasi zimehamia humo. Wakabaki wawili juu ya kaunta, wamekiinamia kile kiduara, na mteja aliyetaka rangi ya ukuta akasubiri, akachoka, naye akaja akagusa.

"Uliitumia vibaya?" Risiti aliuliza mwishowe.

"Niliitunza kuliko nilivyowatunza wanangu."

"Huenda hiyo ndiyo sababu," yule mteja wa rangi alisema, akacheka. Walicheka wote. Sikio peke yake, akirudi nyumbani, aliona maneno hayo yamemkaa kifuani na hayataki kushuka.

Siku zilikuwa zimebaki mbili.

Jua lilikuwa bado dirishani alipoingia nyumbani. Mama Pacha alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mkasi wake mkononi. Kuhusu mkasi huo yapasa kusema neno. Ulikuwa na umri mkubwa kuliko mapacha. Aliununua siku alizokuwa hana hata cherehani, kwa bei iliyomfanya mama yake mzazi aulize kama umetengenezwa kwa dhahabu, na nyumba ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mkasi wa Mama Pacha haukati karatasi. Pacha mmojawapo aliwahi kuukatia picha kwenye gazeti, na mpaka leo, mtu mzima mwenye ndevu, bado anakumbushwa.

Na sasa mwenye mkasi alikuwa anakata karatasi ya msasa. Alikata mkanda mwembamba, ukaanguka. Akakata mwingine. Krrat. Krrat.

Sikio alisimama mlangoni, boksi bado kwapani. "Mama Pacha, unauua mkasi!"

"Nauamsha." Hakuinua hata uso.

"Karatasi ya kawaida hairuhusiwi, msasa unaruhusiwa?"

"Karatasi inaulaza. Unakuwa laini, unateleza tu juu ya kitambaa, unakitafuna. Msasa unaukwangua ule ulaini, ukali unatoka tena." Alikata mkanda wa mwisho, akachukua kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la mteja, akakipitishia mkasi bila kuufumba. Hariri iliachana yenyewe. "Miaka yote hii hujaniona nikifanya hivi?"

"Sijaona."

"Ungeona wapi, wewe unasikiliza tu."

Sikio alikaa chini palepale mlangoni. Alifungua boksi, akaitoa diski, akaigusa ule ukingo wa kijiko. Unateleza tu. Alianza kukumbuka, na kila alichokumbuka kilivuta kingine. Alikumbuka jinsi diski zake za bei rahisi zilivyokuwa zikichoka kwenye graniti, kisha akiitwa kukata matofali ya saruji ya njia ya bustani, zinarudi na nguvu mpya, naye akidhani graniti ya siku hiyo ndiyo laini. Alikumbuka kwamba almasi hazikupakwa juu ya ukingo kama rangi, zimechanganywa ndani ya chuma kama kokoto ndani ya zege. Za juu zikiwa butu, chuma kinapaswa kulika kidogo ili za chini zichungulie. Lakini graniti ngumu haitoi mchanga wa kukila chuma, hasa ikikatwa kwa adabu, kwa unene wa ukucha. Inakisugua tu na kuking'arisha. Zile chembe hazikuwa zimekwenda kokote. Zilikuwa ndani, zimefungiwa.

"Ilikuwa inanyamaza, nikafurahi," alisema. "Nilidhani inastarehe."

"Nini?"

"Diski. Kumbe ilikuwa inalala, na mimi ndiye niliyekuwa nikiibembeleza."

Mama Pacha alimtazama mumewe, akatazama flana. "Basi kesho usiibembeleze," alisema. "Na flana ya wanangu uirudishe."

Ijumaa, kabla wenye mbao hawajafungua, Sikio alichukua tofali la saruji lililokuwa likishikilia mlango wa karakana, tofali la kokoto na mchanga, ovyo kabisa, la kumtia haya mtu wa graniti. Aliifunga diski. Mkono wake ulisita kwenye swichi, maana kama amekosea, atakuwa ameikwangua diski ya bei ya diski kumi na moja kwa sababu ya mkasi. Akawasha, akalisukuma tofali.

Ililia. Ilikwaruza, ikanguruma, tope la kijivu likaruka mpaka kwenye miwani. Alikata mkato mmoja, wa pili, wa tatu. Kwenye mkato wa nne alisikia sauti ikibadilika, ikishuka kutoka kwenye ukelele mpaka kwenye ule mnong'ono mkavu wa siku ya kwanza. Alizima, akagusa. Ukingo ulikwaruza kidole kama ulimi wa paka.

Alicheka kwa sauti, peke yake, na bado udadisi haukumwachia. Alishusha waya wa juu ya mlango. Akazipitisha diski zote kumi na tisa kwenye tofali, moja baada ya moja, kama mtu anayegonga milango ya mtaa kuona nani yupo. Kumi na mbili zilikuwa zimekufa kweli, zimekwisha mpaka kwenye chuma kitupu. Saba ziliamka. Saba! Alizijaribu kwenye graniti, zikakata vizuri, kwa haraka hata; ila bado ziliyumba, bado zilitafuna ukingo, bado zilikula milimita nne. Kwa hiyo jibu la Risiti lilikuwa tayari, na halikuwa alilolitegemea. Kwa ngazi na vizingiti hakuhitaji diski ya rafu ya juu, alihitaji tofali. Angelijua hilo mapema, angekwishaezeka paa mara mbili. Lakini kulikuwa na mkato mmoja ambao saba zile zote kwa pamoja zisingeuweza.

Dada yake alifika saa nne, akakuta jiwe limeshawekwa mezani, limeegemezwa pande zote, mstari wa penseli nyeupe umepita katikati ya kibonyeo.

"Nisimame wapi?" aliuliza.

"Popote, Dada. Usiongee tu."

"Nimewahi kuongea mimi?"

Sikio alikata tofali mara moja zaidi. Dada alitazama bila kuelewa. Kisha Sikio akashika jiwe la mama yao. Safari hii hakulifanyia adabu. Aliishusha diski kwa kina kinachostahili, akalisukuma jiwe kwa mwendo mmoja, kichwa amekiinamisha upande. Alisikia graniti nene, akasikia punje moja ngumu ikipita. Halafu sauti ikapungua uzito kidogo, kidogo sana, na akajua bila kutazama kwamba wamefika pale jiwe lilipokuwa jembamba. Hapo hapo ndipo mkono ulitaka kuogopa na kupunguza. Hakupunguza. Sauti ikarudi kuwa nzito, na kibonyeo kikawa nyuma yao. Mbele kidogo alisimama, akaipitisha diski kwenye tofali, Dada amejishika mdomo, akarudi. Mnong'ono uliendelea mpaka mwisho, kisha ukakatika.

Alizima mashine. Maji yaliendelea kudondoka.

Aliusukuma upande mmoja kwa mikono yote miwili, na mwanga ukapita katikati. Dada alikuja, akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akapita penye kibonyeo bila kukwama. Alifanya hivyo na upande wa pili.

"Umepoteza kiasi gani?" aliuliza.

"Milimita mbili. Ni hizi hapa." Sikio alionyesha kwenye sinia la mashine. Jiwe lile lote jeusi, na kilichotoka ndani yake kilikuwa tope jepesi la kijivu, karibu jeupe, limetulia kwenye maji.

Dada alikunja mkono wa gauni. Aliingiza vidole kwenye sinia, akachota kidogo, akalisugua tope kati ya kidole gumba na cha shahada, macho ameyafumba nusu, kama alivyokuwa akifanya mtu mwingine kila alfajiri kwa miaka thelathini na mmoja, unga uwe sawa au usiwe sawa.

"Maji yamezidi," alisema.

Sikio alikuwa na kichwa upande. Alisikia sauti ilikuwa ya nani.

"Ongeza unga basi," alimjibu.